Vilebu wawili wasio na mstari mgongoni

Kwako Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, na ninaishi kwenye shamba la ekari nane nje ya mji wa Rumuruti, kaunti ya Laikipia, ambako ninafuga mbwa wa kuwinda wa aina ya Rhodesian Ridgeback. Kazi hii niliirithi kwa marehemu baba. Alipokuwa kijana aliajiriwa kutunza mbwa wa mlowezi mmoja, na alipoacha kazi akapewa jike mmoja badala ya sehemu ya malipo yake. Kutokana na jike huyo alijenga banda ambalo hadi leo wenye ng'ombe na kondoo wa Laikipia, Samburu na Nakuru hulijua kwa jina lake, kwa sababu mbwa wake hawamwogopi fisi na hawamgusi mwana-kondoo.

Mbwa wangu bora, Tausi, alizaa vilebu kumi na mmoja wiki tatu zilizopita, na wote wako hai. Wawili kati yao, dume mmoja na jike mmoja, hawana ule mstari wa nywele zinazoelekea mbele juu ya uti wa mgongo, ambao ndio alama ya aina hii. Baba mdogo, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki na ambaye tunamiliki shamba hili pamoja, aliponitembelea na kuwaona aliniagiza niwaondoe kabla mteja yeyote hajafika. Anasema marehemu baba hakumwacha kilebu wa namna hiyo alale usiku hata mmoja. Alimtia ndani ya ndoo ya maji siku ile ile aliyozaliwa, na ndiyo maana jina la banda letu halikuwahi kutiwa doa. Najua anasema kweli, kwa kuwa nilipokuwa msichana niliiona ndoo hiyo. Anaongeza kwamba Tausi ana chuchu kumi tu, na kwamba kuwapunguza vilebu ni kumsaidia mama yao.

Jambo la pili ni la mteja wa Nakuru aliyenunua kilebu wa uzao uliotangulia, wa Tausi na dume wangu Duma, ambao pia ndio wazazi wa vilebu hawa wa sasa. Mteja huyo alimchagua kilebu mwenye mstari ulionyooka kuliko wote. Sasa kilebu ana miezi minane, amevimba shingoni na anatoka usaha, na daktari wa mifugo aliyempima amesema ana ugonjwa unaoitwa sainasi ya dermoidi, ambao huzaliwa nao. Mteja anadai arudishiwe fedha zake na alipiwe upasuaji. Baba mdogo ameniambia nisijibu kitu, kwa sababu mbwa aliondoka kwangu akiwa mzima na kilichouzwa kimeuzwa.

La mwisho ni karo. Vilebu wa Tausi ndio wanaonisomeshea watoto, na baba mdogo anataka Tausi apandishwe tena na Duma mara tu atakaporudi kwenye joto. Tausi ana miaka mitano na huu ni uzao wake wa tatu. Nina jike mwingine, Zawadi, mwenye miaka miwili na nusu, ambaye hajapandishwa bado. Vilebu nimeanza kuwalambisha uji mzito, na machinjioni napata mapafu na maini ya kondoo kwa bei nafuu ya kuwaanzishia nyama.

Sitaki kumvunjia heshima mzee wangu, wala sitaki kulivunja banda la baba. Nifanye nini?

Mfugaji wa Rumuruti

*

Mama mpendwa,

Nitaanza na lile lisiloweza kungoja. Usiwaue vilebu hao wawili, wala usikubali mtu mwingine awaue wewe ukiwa umegeuza uso. Si wagonjwa, wala hawana kilema chochote cha kuwazuia kukimbia, kunusa, kulinda zizi na kuishi umri wao wote. Walichokosa ni mpangilio wa nywele tu. Aidha, kumzamisha kilebu ndani ya ndoo ni kumwua kwa mateso, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya sheria za Kenya, haimpi mfugaji ruhusa ya kumtesa mnyama kwa kuwa tu ni mali yake.

Sisemi hivi ili kumshutumu marehemu baba yako. Alifanya kama alivyofundishwa na waliomwajiri, nao walifanya kama walivyofundishwa kwao. Mbwa wenye mstari mgongoni walifugwa kwanza na Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, kisha wakachanganywa na mbwa waliokuja na Wazungu, hadi mwaka 1922 wafugaji walipokutana Bulawayo wakiongozwa na Francis Barnes na kuandika sifa za mbwa wanayemtaka. Mstari ule ukafanywa kitambulisho chake, na asiyekuwa nao akahesabiwa kuwa aibu ya banda. Hata nchini Uingereza, kanuni za chama cha wafugaji wa aina hii zilielekeza vilebu wasio na mstari wauawe, na zilibadilishwa tu baada ya kipindi cha televisheni cha mwaka 2008 kuianika desturi hiyo mbele ya watu. Kwa hiyo baba mdogo anatetea jambo ambalo hata chama hicho kimekwisha kuliacha.

Sasa naomba unifuate polepole, kwa sababu shida zako mbili, ya vilebu wasio na mstari na ya kilebu wa Nakuru, zina mzizi mmoja. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden na wenzao walionyesha kwamba mstari huo unatokana na kipande cha jeni kilichojirudia. Kila kilebu hurithi nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na nakala moja tu ya mstari inatosha kuuleta mgongoni. Ili Tausi na Duma, wote wawili wakiwa na mistari, wazae vilebu wasio nayo, ni lazima kila mmoja wao awe na nakala moja ya mstari na nyingine isiyo na mstari. Wazazi wa namna hiyo, kwa wastani, katika kila vilebu wanne hupata mmoja asiye na mstari, wawili wenye nakala moja, na mmoja mwenye nakala mbili. Wawili kati ya kumi na mmoja si ajabu hata kidogo, na wala si dalili kwamba dume wa jirani aliruka ua.

Watafiti hao hao waligundua pia kwamba jeni inayoleta mstari ndiyo inayomweka mbwa katika hatari ya kupata sainasi ya dermoidi, na kwamba wenye nakala mbili ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Si kila mwenye nakala mbili huugua, maana yako mambo mengine yanayochangia, lakini mwelekeo wake uko wazi. Tafakari basi ile ndoo ilikuwa ikifanya nini kwa miaka yote hiyo. Kila kilebu asiye na mstari alipoondolewa, nakala mbili zisizo na mstari ziliondoka pamoja naye, na ukoo wa mbwa wenu ukasogezwa kuelekea kwenye nakala mbili za mstari, yaani kuelekea kwenye ugonjwa. Mliyeambiwa kuwa ndiye doa alikuwa mzima, na hatari ikawa inakusanyika kwa wale mliowauza kwa fahari. Kilebu wa Nakuru alichaguliwa kwa sababu mstari wake ulinyooka kuliko wa wenzake, nawe sasa unaona kwamba uzuri wa mstari hausemi lolote juu ya kilichomo chini ya ngozi.

Kilichomo ni hiki. Kilebu anapoumbwa tumboni, ngozi ya mgongo na mrija utakaokuwa uti wa mgongo huanza vikiwa vimeshikana, kisha hutengana. Pale ambapo havikutengana vizuri hubaki kifereji chembamba kinachoshuka kutoka juu ya ngozi kwenda ndani, mara nyingine kikiishia kwenye nyama na mara nyingine kikifika hadi kwenye utando unaozunguka uti wa mgongo. Ndani yake hujikusanya nywele, mafuta na ngozi iliyokufa, na vijidudu vikiingia hutunga usaha. Kikiwa kirefu, maambukizi yanaweza kushuka hadi kwenye uti wenyewe na mbwa akapooza au akafa.

Kwa kuwa barua yako haikueleza jinsi unavyowakagua, na kwa kuwa kilebu wa Nakuru aliondoka kwako akidhaniwa kuwa mzima, nitaeleza jinsi ninavyofanya mimi. Mtu wa pili amshike kilebu akiwa ametulia, ikiwezekana baada ya kunyonya. Anzia nyuma ya kisogo. Inua ngozi kwa vidole, uivute juu mbali na mwili, kisha uisugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi nzima huteleza yote bila kushikwa na kitu. Penye kifereji utahisi kitu kama uzi mgumu kinachoivuta ngozi irudi chini, na mara nyingine ngozi itabonyea kidogo mahali hapo, au utaona nywele chache zimechomoza pamoja kwenye tundu dogo. Endelea hivyo hatua kwa hatua kwenye mstari wa katikati hadi mwanzo wa mkia, ukikaa muda mrefu zaidi shingoni, kwenye mabega na nyuma ya pale mstari unapoishia, kwa sababu huko ndiko vifereji hupatikana zaidi. Ukiwa na shaka, nyoa nywele mahali hapo uangalie kwenye mwanga wa jua. Kukagua siku ya kuzaliwa peke yake hakutoshi. Rudia kila wiki hadi siku ya kuondoka, ambayo isiwe kabla ya wiki nane, na mwite daktari wa mifugo kutoka Nyahururu au Nanyuki awakague mara moja kabla hujamruhusu mteja yeyote kuchagua. Fanya hivyo kwa wote kumi na mmoja.

Kuhusu chuchu, hoja ya baba mdogo imepitwa na wakati. Vilebu wa wiki tatu walioanza kulamba uji hawamlemei tena mama yao kama wiki ya kwanza. Uzao mkubwa ukija tena, wagawe katika makundi mawili, wafunge wa kundi moja utepe shingoni, na uwabadilishane kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Jike mzima anayekula vizuri atawalea.

Nisimame hapa kidogo kwenye hayo mapafu na maini ya kondoo, kwa sababu yamenitia wasiwasi. Usiwape mbwa wako viungo vya machinjioni vikiwa vibichi. Mapafu na maini ya kondoo mara nyingi huwa na malengelenge ya maji ambayo ni vifuko vya mnyoo mdogo wa utumbo wa mbwa. Mbwa akivila, mayai ya mnyoo hutoka kwenye kinyesi chake na kuweza kumfikia mtoto wako kwa mikono tu, na kwa binadamu vifuko hukua ndani ya ini au mapafu hadi kuhitaji upasuaji. Ugonjwa huu unajulikana sana katika jamii za wafugaji wa Kenya, hasa Turkana na Umaasaini. Vichemshe viungo hivyo hadi viive kabisa, ukatupe vyenye malengelenge ndani ya shimo refu ambako mbwa hafukui, na uwape mbwa wakubwa dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba utakayopewa na daktari wako.

Sasa mteja wa Nakuru. Mlipe. Huu si ugonjwa ambao mbwa anaweza kuupata nyumbani kwa mnunuzi. Alizaliwa nao kwako, awe alionekana mzima au la, na wewe ndiye uliyechagua wazazi wake. Mwandikie kwa heshima, umpe nafasi ya kuchagua kati ya kukurudishia mbwa na kupokea fedha zake zote, au kubaki naye nawe ukabeba gharama za upasuaji hadi kufikia bei aliyonunulia. Ikiwa huna fedha kwa mkupuo, mweleze hivyo na mkubaliane awamu mbele ya shahidi. Mwambie asiukamue uvimbe huo wala kuutumbua. Kwa kawaida daktari hutuliza kwanza maambukizi kwa dawa, kisha hupiga picha ya eksirei akiwa ametia dawa ya kuonyesha kina cha kifereji, ndipo huamua kama kinaweza kuondolewa. Ni upasuaji wa mkono mzoefu, kwa kuwa kipande kikibaki ndani ugonjwa hurudi, na kwa sababu hiyo ningemwelekeza kwenye hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au kwa daktari ambaye amewahi kuufanya. Kifereji kikiwa kimefika kwenye uti na mbwa anateseka, daktari anaweza kushauri alazwe usingizi wa mwisho. Uamuzi huo ni wa kitabibu, nao haufanani kwa vyovyote na ndoo.

Kisha ufanye jambo ambalo wafugaji wachache hulifanya. Wapigie simu wanunuzi wote waliochukua vilebu wa uzao ule, uwaambie mmoja amepatikana na ugonjwa huu, na uwaeleze jinsi ya kukagua shingo na mgongo. Baadhi watakasirika, na pengine mmoja atadai fedha. Lakini kifereji kikigunduliwa kabla ya kutunga usaha, upasuaji wake huwa rahisi zaidi, na mbwa wanaohusika hapa ni wale uliowalea kwa mikono yako.

Kuhusu kupandisha, Tausi na Duma wasikutanishwe tena. Wamekwisha kuzaa mgonjwa pamoja, na kurudia ndoa hiyo ukijua ni kumuuzia mtu maradhi. Tausi mwenyewe amekuwa na uzao mara tatu. Chama cha Kennel Club cha Uingereza hakiandikishi zaidi ya uzao wa nne wa jike mmoja, na kama angekuwa wangu ningemstaafisha leo, nikamwacha alinde nyumba na kufundisha wadogo. Zawadi ndiye wa kutazamwa. Kabla hujampandisha, apigwe eksirei ya nyonga, akaguliwe mgongo wote, na sampuli ya mate yake itumwe kwenye maabara ya ng'ambo inayopima jeni ya mstari, ili ujue ana nakala ngapi. Akiwa na mbili, usimpeleke kwa dume mwenye mbili. Akiwa na moja, mtafutie dume mwenye moja asiyehusiana naye, nawe ukubali kwa moyo mweupe kwamba watazaliwa wasio na mstari. Wako wafugaji wanaompa jike asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, kuanzia kabla ya kupandishwa ili kupunguza ugonjwa huu. Zungumza na daktari wako juu ya kipimo, ila usiitegemee badala ya kuchagua wazazi vizuri.

Najua haya yote hayaleti karo ya muhula ujao, na sitakudanganya kwamba yataleta. Vilebu tisa wenye mistari, wakitoka wakiwa wazima, wenye cheti cha daktari na chanjo zao za kwanza, ndio mapato yako ya mwaka huu, na yatapungua kwa kadiri utakayomlipa wa Nakuru. Hao wawili wasio na mstari wauze kwa bei ndogo kwa watu wanaotaka mbwa wa kazi, si wa maonyesho. Andikeni mkataba kwamba ni Ridgeback halisi kwa wazazi wote wawili, kwamba hawana mstari, na kwamba watafungwa kizazi wakikomaa. Ulizia afisi ya East Africa Kennel Club jijini Nairobi namna ya kuuandikisha uzao huu, na utaje hesabu kamili ya kumi na mmoja. Mchungaji anayeamka usiku wa manane kwa sababu fisi yuko nje ya boma hatamulika mgongo wa mbwa wake kwa tochi kutafuta nywele.

Limebaki la baba mdogo. Usimjibu kwa simu wala mbele ya wafanyakazi. Mwalike shambani, umwandalie chakula kama inavyostahili, kisha mwende bandani pamoja na daktari wa mifugo siku atakayokuja kukagua, kwa maana wazee wengi hulipokea la mtaalamu mgeni upesi kuliko la binti waliyemlea. Mwombe daktari amwonyeshe kwa vidole kifereji hukaa wapi na kinahisiwaje, na amweleze hesabu ya nakala kama nilivyokueleza. Kisha mwambie wewe mwenyewe kwamba unalitunza jina lile lile analolitunza yeye, na kwamba aliyelitia hatarini mwaka huu ni kilebu mwenye mstari mzuri. Akishikilia kwamba wawili hao waondoke, mpe jibu lisilo na matusi wala kusitasita: wataondoka wakiwa hai, kwa mnunuzi aliyeambiwa ukweli. Shamba ni lenu nyote wawili, lakini mbwa umewarithi wewe, na kauli ya mwisho juu yao ni yako.

Barua ya Nakuru iandike kabla ya kikao hicho, leo ukiweza, kwa sababu kilebu huyo anatoka usaha sasa hivi na daktari wake anahitaji kujua nani atalipia dawa.